Chungu Chini ya Dungu

Jumanne, 3 Aprili 1934

Alfajiri nilisimama mlangoni mwa msikiti kama kawaida. Wanaume kumi na sita. Tunatakiwa kuwa kumi na tisa. Wawili wana homa. Nimekwenda hadi vitandani mwao, ni kweli. Wa tatu ni Mfaume. Kaja rakaa ya pili, macho yamevimba. Anasema usingizi. Tulipopeana mikono nilimsogelea karibu na mdomo. Hakunuka tembo. Lakini mtu anaweza kutafuna karafuu.

Mvua. Mpunga umefika magotini, na magugu vilevile. Nimepalilia peke yangu. Zainabu ana homa, siku ya nne sasa. Bi Mwajuma kaja kumtazama asubuhi, katoka adhuhuri. Homa gani ya kukaa nayo nusu siku?

Nilipoingia wakanyamaza wote wawili. Sipendi kuingia nyumbani kwangu watu wakanyamaza.

Alhamisi, 5 Aprili

Leo jumbe wa Dutumi kapita na baiskeli yake. Kasimama, katazama nyumba zetu, kauliza kwa nini kijiji hakina hata ngoma moja. Nikamwambia hapa ni Toba. Akasema anajua, ila watu wasiocheza humtia wasiwasi. Mwacheni na wasiwasi wake.

Mwaka wa pili huu tangu tuhame Kisarawe. Kaya kumi na tisa nyuma ya Shehe Mbaraka, pori tupu, tukafyeka wenyewe. Kila mmoja aliweka mkono juu ya msahafu. Hakuna ngoma, hakuna tembo, hakuna pepo, hakuna hirizi, hakuna kutambikia makaburi. Atakayerudia mambo hayo ataondoka na mzigo wake. Mimi ndiye niliyeongeza sharti la nyua. Nilisema nyumba za Toba zisizungushiwe ua wa makuti, kwa kuwa mambo yote machafu ya Kisarawe yalikuwa yakifanyika uani. Shehe akakubali. Sasa ukisimama msikitini unaona nyuma ya kila nyumba, nani anaosha vyombo, nani anapepeta, nani anazungumza na nani.

Wanawake walinuna mwezi mzima. Wakazoea.

Ijumaa, 6 Aprili

Zainabu kaamka, kapika. Uso umempauka. Nilimuuliza kama anataka dawa ya hospitali, tumtume mtu Mlandizi. Akasema imekwisha. Kwa sauti ile ya kufunga mlango.

Bi Mwajuma namjua tangu Kisarawe. Alikuwa kungwi, mkunga, na akiitwa kila penye ngoma ya pepo. Mama mkwe wangu alikuwa akipungwa naye. Siku ya kiapo nilimtazama. Mkono wake haukutetemeka juu ya msahafu. Wangu ulitetemeka. Tangu siku ile najiuliza: ni imani au ni mazoea ya kuapa?

Anafinyanga vyungu. Nyumba zote kumi na tisa zinapikia vyungu vyake. Hilo nalo nimeanza kulifikiri.

Jumatatu, 9 Aprili

Nguruwe pori wamevuruga shamba la Mfaume na sehemu ya langu. Kwangu kuna jambo jingine. Karibu na dungu, pale ninapokaa juu kuamia ndege, mpunga umekuwa wa manjano. Kipande kama mkeka mmoja. Pembeni yake kijani tupu. Watoto watatu wana homa. Mbuzi wa Shehe kazaa ndama... sivyo, kitoto, kimekufa. Naandika vibaya kwa sababu nina hasira.

Asubuhi nilimwona Bi Mwajuma akitoka katika shamba langu. Shamba lake liko ng'ambo nyingine kabisa. Mkononi jembe dogo, miguu imejaa tope.

Nikamwamkia shikamoo. Marahaba, mwanangu. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Mlenda."

"Mlenda unachimbwa kwa jembe?"

Akanitazama. Akasema, "Kondo, mwanangu, kuna siku utachoka kuuliza." Akapita.

Kikapuni mlikuwa na mlenda, kweli. Majani machache sana kwa mtu aliyeloa hadi magotini.

Jumatano, 11 Aprili

Nimemwangalia siku mbili. Nimepalilia upande ule unaoonyesha nyumba yake. Anakanda udongo. Anaanika. Anachoma vyungu kwa nyasi na vinyesi vya ng'ombe. Anakwenda kwetu, anakaa na Zainabu kibarazani, wanachambua mchele, hawasemi. Mara moja Zainabu aliweka kichwa begani mwake mchana kweupe. Aliponiona akakiinua.

Na Mfaume je? Kwa nini nguruwe walianza kwake? Labda ili asishukiwe. Usiku wa leo nimeandika majina manne ya watu wenye sababu ya kunichukia. Nikafuta mawili. Nikayarudisha.

Sina mtoto. Niseme wazi, daftari hili halina msomaji. Miaka mitano ya ndoa. Mimba ya kwanza ilitoka tukiwa bado Kisarawe, na mimi nilimwambia Zainabu maneno. Nilimwambia ni malipo ya pepo za mama yake. Nilimwambia ikitokea tena namrudisha kwao. Hakulia. Tulipohamia hapa nilidhani hewa ya Toba itatusafisha. Mwaka wa pili, kimya. Kuna mtu ametufunga. Sioni maelezo mengine.

Jumamosi, 14 Aprili

Nimekipata.

Nguzo moja ya dungu ilioza. Nilikuwa nachimba shimo jipya pembeni yake, pale pale penye mpunga wa manjano. Jembe likagonga kitu. Chungu. Kidogo, kipya, hakijawahi kuona moto wa jikoni. Mdomo umefunikwa kwa kitambaa cheupe na kuzibwa kwa udongo. Kimewekwa wima, kwa uangalifu, kama mtu anavyoweka kitu cha thamani.

Nikaketi topeni. Kisha nikafurahi. Naona haya kuandika hivyo, lakini nilifurahi. Sikuwa mwendawazimu.

Sikukifungua. Nilikiviringisha kwa majani ya mgomba nikakipeleka kwa Shehe Mbaraka. Akakisomea Yasini mbali kidogo. Naye hakutaka kifunguliwe. Alisema kitu kama hicho hakivunjwi juu ya ardhi ya watu, kikatupwe kwenye maji yaendayo. Mfaume akajitolea tuende wote, nikamkatalia. Sikutaka akione kwa karibu kama ni chake.

Ruvu imejaa, maji ya udongo yanakwenda na magogo. Nilisimama ukingoni nikakirusha kwa nguvu zangu zote. Nikatema mate. Kilizama, kikaibuka, kikazama.

Nimerudi nimeoga mara mbili. Nikamweleza Zainabu yote. Alikuwa akikuna nazi. Mbuzi ilianguka. Akatoka nje, na kwa kuwa hatuna ua nilimwona kutoka mlangoni, amesimama tu nyuma ya nyumba, mikono kichwani. Nikasema ana hofu ya uchawi kama mimi.

Jumapili, 15 Aprili

Shingo ya chungu kile ilikuwa na michoro ya ukucha, mistari miwili na nukta. Nimetazama vyungu vyetu vyote. Mistari miwili na nukta. Ni mkono wa Bi Mwajuma.

Ndiyo, kila mtu ana vyungu vyake. Lakini nani alitoka shambani kwangu na jembe?

Nimemwambia Shehe. Akashusha pumzi. Alisema yule mama ndiye aliyemzalisha mkewe. Nikamwambia ndiyo maana anajua njia zote za kuingilia nyumba ya mtu. Nilisema vizuri. Nilijisikia nikisema vizuri.

Jumanne, 17 Aprili

Baraza baada ya alasiri. Wanaume ndani, wanawake nje kwenye jua, wanasikia.

Shehe alimuuliza kwa heshima. Bi Mwajuma hakuzunguka.

"Chungu nimekifinyanga mimi. Nimekizika mimi."

Watu wakaguna.

"Kulikuwa na nini ndani, mama?"

"Hilo sisemi mbele ya wanaume."

Shehe akamletea msahafu. Aape kwamba si uchawi. Akatawadha, akaapa. Mkono haukutetemeka. Shehe alitaka kuishia hapo, nilimwona. Ndipo nikasimama. Nikasema mtu aliyeapa kuacha mambo ya zamani, kisha akazika chungu kwenye shamba la mwenzake, kiapo chake cha pili kina uzito gani? Kama ni jambo safi, kwa nini lizikwe? Kama ni safi, kwa nini lisisemwe? Mpunga wangu umekauka, watoto wana homa, na mama huyu anatuficha.

Mfaume alisema tusubiri mavuno. Nikamuuliza ana haraka gani ya kumtetea. Wanaume wengine nao walimtazama. Hakusema tena.

Aondoke kabla ya Ijumaa. Ndiyo hukumu.

Bi Mwajuma akasema, "Haya." Basi. Akageuka nje kuwatazama wanawake, mmoja mmoja, na wote wakainamisha vichwa. Mke wangu hakuwapo pale. Nimemkuta nyumbani, amejifunika khanga gubigubi. Nikamwambia imekwisha, tumekuwa salama.

Alhamisi, 19 Aprili

Kaondoka asubuhi. Mzigo wa nguo, mkeka, vyungu viwili. Vingine kaviacha kibarazani, na watu wanavipita mbali. Hakuna aliyemsindikiza mwanzoni. Kisha Zainabu akatoka nyumbani kwangu, akachukua mzigo ule akajitwisha, wakashika njia ya Mlandizi. Hakuniomba ruhusa. Hakunitazama. Nilisimama mlangoni mwa msikiti na kijiji kizima kikanitazama mimi.

Nimeaibika. Nina hasira ya kuvunja kitu.

Ijumaa, 20 Aprili

Hajarudi. Nimesali Ijumaa na kichwa hakikuwapo.

Nafikiri hivi. Yule mama alimpa kitu. Homa ile siku nne. Kunyamaza. Kichwa begani. Labda chungu hakikuwa cha kunidhuru mimi peke yangu, labda walikuwa wawili. Mke wangu mwenyewe. Ndiyo maana mbuzi ilianguka. Ndiyo maana hakuja barazani. Nimepekua sanduku lake. Nguo, udi, kitambaa cheupe kilichokatwa nusu.

Kitambaa kile kile. Nimekaa nacho mkononi hadi magharibi. Akirudi namuuliza mara moja tu. Akirudi kwao Kisarawe moja kwa moja, basi jibu nimelipata.

Jumamosi, 21 Aprili

Karudi. Nikamwonyesha kitambaa. Akaanza kabla sijauliza.

Alisema akiwa amesimama, mzigo wa kuni alizookota njiani hajautua kichwani. Siku ile ya homa hakuwa na homa. Mimba ya miezi minne kasoro. Ilitoka alfajiri, mimi nikiwa msikitini nahesabu watu. Alikuwa mwanamume. Alikuwa na vidole.

Hakuniambia mimba ilipoingia kwa sababu ya maneno yangu ya Kisarawe. Hakuniambia ilipotoka kwa sababu ya maneno hayo hayo. Akamwita Bi Mwajuma, akamwapisha asimwambie mwanamume yeyote.

Mimba iliyotoka huzikwa na wanawake. Hilo nilikuwa silijui, wanaume hatuambiwi. Huwekwa katika chungu kipya, huzikwa mahali pa baridi, uani, karibu na maji ya kuogea, ili tumbo la mama lisikauke. Si tambiko, kasema Zainabu. Ni kumsitiri tu. Kwetu hakuna uani. Nyuma ya nyumba kunaonekana hadi msikitini. Wakatafuta mahali penye maji na pasipo macho, na palipo katika shamba la baba wa mtoto, yaani langu. Chini ya dungu. Bi Mwajuma alirudi mara moja kutazama kama mvua haijamfukua, na siku ile nikamuuliza habari ya mlenda.

Kisha akatua mzigo.

Jumapili, 22 Aprili

Sikwenda msikitini. Nilikwenda mtoni.

Maji yaleyale ya udongo. Nilitembea ukingoni kufuata mkondo mpaka njia ikaisha kwenye matete.

Jumatano, 25 Aprili

Kisarawe. Siku mbili za mguu, Mlandizi, Mkuza, Tumbi, mvua njia nzima. Nimemkuta Bi Mwajuma kwa mdogo wake, chumba cha nyuma. Habari ilifika kabla yake. Muuza vitumbua wa njia panda, anayemjua tangu ujana, kamkatalia kumuuzia. Kuna mtoto mchanga wa jirani ambaye mama yake humficha anapopita. Yeye aliyewazalisha nusu ya watu wa pale.

Nilipiga magoti uani. Pale kuna ua mzuri, mrefu. Nikamwamkia. Akaitika. Akanipa maji ya kunywa. Nikasema Zainabu ameniambia.

"Yeye kasema kwa mdomo wake?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mimi nimefunguliwa."

Nikamwomba arudi Toba. Akacheka kidogo, bila furaha. Alisema hakuja Toba kwa ajili ya nyumba, alikuja kwa ajili ya kusali na watu wasiomtazama kwa habari za ujana wake, na watu hao hakuwapata. Kitu kimoja anataka. Jina lake. Afe akiitwa Mwajuma mfinyanzi.

Nikasema nitawaeleza yote Ijumaa. Akanikamata mkono. Kama ningekuwa mwanawe nadhani angenipiga.

"Utamvua nguo mkeo ili univike mimi? Fikiri, Kondo. Kila siku unafikiri mabaya ya watu. Leo fikiri zuri moja."

Ijumaa, 27 Aprili

Nimefika kabla ya khutba, miguu imevimba. Baada ya sala nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, yakapotea.

Nikasema chungu kile kilikuwa cha nyumbani kwangu. Kilizikwa kwa haja ya nyumba yangu. Bi Mwajuma hana kosa, kiapo chake ni cha kweli. Mimi ndiye niliyemzulia.

Mfaume ndiye aliyeuliza.

"Kulikuwa na nini ndani?"

"Hilo sisemi."

Nikaona macho yao yakibadilika. Nayajua macho yale, ni yangu. Walinitazama mikono, wakanitazama shingo kama nina hirizi. Mmoja aliyekaa karibu yangu akavuta kanzu yake isiniguse. Nikaketi peke yangu katikati ya msikiti niliousaidia kukandika.

Zainabu alikuwa nje na wanawake. Wanawake walikuwa wanajua, nadhani wote. Hakuna aliyesema neno.

Jumapili, 29 Aprili

Shehe kaniita peke yangu. Ana busara, au ana mke. Hakuniuliza tena. Ameandika barua kwa herufi za Kiarabu kwenda msikiti wa Kisarawe, isomwe mbele ya watu Ijumaa ijayo: Mwajuma ni msafi, Toba ilimkosea. Kanisomea yote. Mfaume ataipeleka kwa mkono.

Kuhusu mimi, kasema watu hawatatulia. Sharti ni sharti. Nilizika kitu na nikakificha, niondoke. Nikamwambia ni haki. Kasema tusubiri mavuno kama tunataka. Nikamwambia hapana. Mpunga utakuwa wa yatima wa kijiji.

Leo alfajiri Mfaume alisimama mlangoni mwa msikiti. Alinihesabu. Sikumlaumu, alinihesabu sawasawa.

Njiani kurudi nyumbani watoto walikimbia.

Jumatano, 2 Mei

Kesho tunaondoka. Tumefunga mizigo mitatu. Mvua imepumzika.

Alasiri Zainabu kasema nimwonyeshe. Tukaenda mtoni, mimi mbele, yeye nyuma. Maji yamepungua kidogo, ukingo umebaki na tope laini na nyayo za ndege. Nikamwonyesha mahali.

Kisha akauliza kama nilikiweka majini au nilikirusha.

Ningeweza kusema nilikiweka. Hakuna aliyeniona.

Nikasema nilikirusha.

Akatikisa kichwa kuitikia, polepole. Akavua makubadhi, akaingia majini hadi vifundoni, akainama, akayashika maji kwa mikono miwili kidogo, akayaachia. Nikaingia nami. Sikujua la kufanya na mikono yangu.

Tulirudi kabla ya jua kuzama. Amepika mlenda. Tumekula sahani moja.